Wifi na Sodiamu

Mwalimu wa kemia alikuwa amechoka hoi. Darasa zima la watoto wakorofi halijawahi kumtoa jasho kama wifi yake mmoja, dada wa mumewe, kwenye meza ya jikoni.

Wifi mwenyewe alikuwa mhudumu wa wodi. Miaka nenda miaka rudi alipiga deki, akatandika vitanda, akasukuma machela, na roho yake yote ilikuwa kwenye unesi. Chuo kilimkubali kwa masomo yote isipokuwa kemia. Akifeli tena mwaka huu, umri utamfungia mlango, na habari ya unesi itakuwa imekwisha.

Kukariri alikariri. Ungemkuta anaosha vyombo, mdomo unakwenda na orodha ya elementi, kuanzia iliyo kali kuliko zote: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, mpaka huko chini kwenye haidrojeni na shaba. Hakosei hata moja! Lakini muulize sasa: ukipitisha umeme kwenye maji ya chumvi, upande wa hasi kinatoka nini?

“Sodiamu,” anajibu, tena kifua mbele.

“Haidrojeni, wifi! Nimesema mpaka koo limekauka!”

“Lakini sodiamu ndiye mkali. Yuko juu kule kwenye orodha.”

Jumamosi moja mwalimu akaona maneno matupu hayatoshi. Akachukua betri, nyaya na penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili, akaviunganisha, akatumbukiza ncha za penseli kwenye bakuli la maji ya chumvi. Mapovu yakaanza kupanda. Wifi akainama, akanusa, uso ukamchangamka.

“Ee! Harufu ya dawa yetu ya kupigia deki!”

“Hiyo klorini, iko upande wa chanya. Tazama huku kwenye hasi. Unaona nini?”

“Mapovu.”

“Ndiyo haidrojeni hiyo. Sodiamu yuko wapi?”

Wifi akaichomoa penseli, akaigeuza huku na huku. “Labda amechelewa.”

Jamani! Mwalimu akashika kichwa. “Hivi nani kakwambia mkali ndiye anayetangulia?”

“Si ndivyo ilivyo? Akiletwa mtu mahututi, wengine wote wanampisha. Anaanza yeye.”

Kumbe! Wakati wote huo tatizo lilikuwa hapo. Mwalimu akavuta kiti.

“Huko ni kuingia, wifi. Mimi nauliza kutoka! Wodini kwako nani anaruhusiwa kwanza kwenda nyumbani?”

“Mwenye nafuu.”

“Na mahututi?”

“Anabaki kita...” Wifi akalikodolea macho bakuli. “Alaa! Kumbe anabaki majini!”

Siku ya mtihani mwalimu alimsubiri getini, kucha zote amezitafuna.

“Waliuliza?”

“Waliuliza. Maji yale yale ya chumvi. Nikaandika haidrojeni.”

Mwalimu akamrukia shingoni. Wifi akaendelea, “Wakataka na sababu. Nikaandika sodiamu bado yuko mahututi, hajaruhusiwa.”

“Umeandika hivyo? Kwa wino?”

“Tena kwa mwandiko mzuri.”

Mwalimu alimgombeza njia nzima. Lakini usingizi ulimruka mpaka matokeo yalipotoka, maana habari ya kuruhusiwa wodini aliileta yeye kwenye kemia, na mtu akikosa chuo kwa neno hilo, atamtazamaje tena?

Kemia alifaulu, kwa kukwaruza tu. Wifi alikuja kuaga, sare nyeupe ya chuo mkononi, akacheka peke yake mlangoni. Mwalimu akaipokea ile sare, akaikunja upya vizuri, analia na huku bado anagomba.

“Mahututi! Kwa wino, wifi! Kwa wino!”