Aliyesikia Gitaa Langu Barazani

Kama umekuja kunibishia, nakwambia mapema, nenda kwa jirani. Mambo haya yalinikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Likombe, mchana kweupe, jua likiwa utosini, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Mama mkwe wangu yupo hai, mzima wa afya, kamuulize. Wazee wetu husema adhuhuri ina wenyewe. Nilikuwa nikiwacheka. Sicheki tena.

Mimi ni mtu wa bandarini, naendesha folklifti, na msimu wa korosho ukiingia hata usingizi siuoni. Lakini ugonjwa wangu ni gitaa. Nilipomwoa Zuhura nikajikuta nimeoa nyumba ya mpiga gitaa bila kujua. Baba yake, marehemu Mzee Hamisi, alipiga solo kwenye bendi ya dansi hapa hapa Mtwara, enzi za suruali za bugaluu. Sikuwahi kumwona. Alifariki kabla sijahamia huku kutoka Masasi. Alichoacha ni amplifaya moja ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, ambayo Zuhura alikuja nayo kwangu, kubwa kama sanduku la bibi harusi, na nzito! Kuihamisha chumba kimoja kwenda kingine lazima muwe wawili, tena wote mmekula.

Sasa shida ilianzia hapa. Zuhura alijifungua mtoto wa kiume, akampa jina la baba yake. Mama mkwe, Bi Somoe, akaja kutoka Kilambo kumlea mwanawe arobaini. Zuhura akaniomba jambo moja tu: niurekodi wimbo wa kubembelezea ambao baba yake alikuwa akimpigia alipokuwa mdogo, na ambao nilishaushika kwa kumsikia yeye akiuimba, tena niurekodi kwa amplifaya ile ile, ili mtoto akikua aisikie sauti ya babu yake. Na upesi, kwa sababu valvu zilikuwa zinaelekea mwisho. Moja ilishaanza kupepesa kama taa ya nyumba yenye umeme wa kuibia. Mpya za aina ile hapa mjini hakuna, na Dar nilikopiga simu waliniambia nisahau.

Unaona jambo jepesi? Wapi! Mzee Hamisi alifia mbele ya amplifaya hiyo, gitaa likiwa mapajani. Tangu siku ile Bi Somoe hataki kuisikia ikilia. Kuiona anaiona pale ukumbini, hata vumbi anaifuta yeye. Kuisikia, hataki kabisa. Nilipomwomba ruhusa alikuwa kamlaza mjukuu magotini.

"Rekodi, baba," akaniambia. "Mkeo kaomba, na mzazi hanyimwi kitu. Ila mie nisiisikie. Siku nitakayoisikia nafunga mzigo wangu narudi Kilambo, na huyu mume wangu mtamwogesha wenyewe."

Huyo mume ndiye mtoto. Bibi na mjukuu, utani wao unaujua.

Nikabaki nakuna kichwa. Utairekodi vipi amplifaya bila kelele, na nyumba yenyewe vyumba viwili na ukumbi? Njia ipo. Ila kwanza nikupe darasa dogo, huenda likakufaa. Amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika. Nguvu yake ikikosa pa kwenda inaunguza transfoma, na transfoma ikishaungua hapo ni kupanga matanga. Kwa hiyo unachomoa spika, na mahali pake unaweka sanduku la kubeba mzigo. Sanduku linameza nguvu yote, linatoa kijisauti cha kupeleka kwenye kompyuta, wewe unasikia kwenye hedifoni, na nyumba nzima kimya.

Nikaenda mjini kwa Bwana Murtaza, ambaye ukoo wao ulianza biashara Mikindani tangu enzi za babu zao, na siku hizi anauza spika za harusi na vyombo vya muziki. Akanitolea masanduku mawili, akayaweka juu ya kaunta.

"Hili la kwanza ni ukuta tu," akasema. "Unausukuma, umesimama. Noti nene, noti nyembamba, kwake yote sawa. Hili la pili lina koili ndani, linajibu kama spika ya kweli. Kwenye besi linakaza, kwenye noti za juu linakaza, katikati linaachia. Amplifaya inajua ipo na mwenzake."

"Mimi nipe la kwanza," nikamwambia, "mambo yasiwe mengi."

"Ndugu yangu, gitaa halichaguliwi sanduku dukani. Chukua yote mawili, jaribu nyumbani, utarudisha moja. Lakini usiniletee lililoungua, tutakosana mimi na wewe."

Siku ya kwanza nikajaribu lile la ukuta. Tulisaidiana na jirani kuiingiza amplifaya chumbani kwetu, nikajifungia, nikarekodi, nikamwita Zuhura asikilize. Noti zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyokosekana, lakini ilikuwa chai isiyo na sukari. Zuhura akavua hedifoni taratibu, macho yamejaa machozi.

"Umepiga vizuri, Baba Hamisi," akaniambia. "Ila baba simsikii humu."

Kesho yake nikajaribu la pili. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita na nilikuwa nimeshaswali. Zuhura na mtoto wamelala chumba cha pili. Bi Somoe yuko jikoni uani, anasonga ugali wa muhogo. Mimi chumbani, kifua wazi kwa joto, pazia nimelivuta, dirisha langu linatazama barazani. Nikaunganisha sanduku haraka haraka, mkono ukaenda kwenye swichi.

"Waya huo ni wa gitaa, mwanangu," sauti ikasema kutoka nje. "Utaiunguza."

Nikatazama. Lahaula! Kweli, kati ya amplifaya na sanduku nilikuwa nimechomeka waya wa gitaa, ule mwembamba, badala ya waya wa spika. Kwa nje zinafanana kama mapacha, lakini ule mwembamba haubebi nguvu ile. Ningewasha, ningemzika baba mkwe mara ya pili, tena kwa mikono yangu.

"Ahsante, mzee!" nikaitika, nikidhani ni jirani kapumzika kivulini. Nikabadilisha waya, nikavaa hedifoni, nikawasha, nikasubiri valvu zipate moto, nikabonyeza kurekodi.

Wallahi, noti ya kwanza tu nilijua. Gitaa lilikuwa linanisukuma mkononi. Ukiigusa kamba kidogo, linanong'ona, ukiipiga, linapandisha. Nikaanza wimbo wa Mzee Hamisi, polepole, na nilipofika katikati sauti ile ile ikasema:

"Hapo unapita mbio. Hapo mtoto ndiyo anageuka usingizini. Msubiri."

Nikamsubiri. Ikawa tamu mpaka nikafumba macho. Nilipomaliza akasema tena, "La jana lilikuwa limekufa. Hili linapumua. Chukua hili."

"Sawa, mzee," nikajibu.

Halafu mikono ikaniganda.

Wewe hebu fikiri. Spika imechomolewa. Kamba za gitaa la umeme zenyewe zinalia kama mbu, mtu wa hatua tatu hasikii. Wimbo ulikuwa masikioni mwangu peke yangu. Huyu wa barazani kausikiaje? Na la jana kalisikiaje? Na mimi, nimeziba masikio yote mawili kwa hedifoni, yeye nilimsikia kwa mlango gani?

Nikavua hedifoni. Kimya, nzi tu. Nikasogeza pazia kidole kimoja. Mzee ameketi kwenye benchi, mgongo amenipa mimi. Kofia nyeupe, shati limepigwa pasi. Mkono wa kulia uko gotini, dole gumba lina ukucha mrefu, linagonga gonga ule mdundo niliomaliza kuupiga sasa hivi.

Na mimi, badala ya kukimbia, unajua nilifanya nini? Nilitafuta shati! Sijui kwa nini, niliona aibu mtu yule kunikuta kifua wazi. Nikavaa, vifungo nimevikosesha, nikasema, "Karibu ndani, mzee."

"Humo ni kwenu watoto, mtu mzima siingii," akasema bila kugeuka. "Nipo hapa hapa. Mwambie mwenye jiko nimekuja kula. Mwambie anisamehe, nimechelewa."

Sauti haikuwa ya kutisha, naapa. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye njaa anayeona haya.

Nikatokea uani. "Mama, kuna mzee barazani. Anasema amekuja kula. Anasema umsamehe, amechelewa."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. "Yukoje huyo mzee?"

"Uso sijauona. Ana kofia nyeupe. Ana ukucha mrefu wa dole gumba, kama wa kupigia—" Sikumaliza.

"Nnungu wangu," akasema Bi Somoe, kwa sauti ndogo sana. Hakupiga kelele, hakuzimia. Alijifunika khanga vizuri kichwani, akapakua ugali unaofuka moshi, samaki, kisamvu cha nazi, akatenga kwenye sinia. Akachukua birika na beseni la kunawia. "Usinifuate," akaniambia.

Ningekuwa na adabu nisingemfuata. Nilirudi chumbani, nikachungulia pale pale pembeni mwa pazia. Na ninayokwambia sasa ndiyo yaliyonifanya nisilale usingizi mzima kwa siku nyingi.

Benchini hapakuwa na mtu. Bi Somoe amepiga magoti, anamimina maji kama unavyomnawisha mgeni yeyote. Na maji hayakushuka moja kwa moja kwenye beseni. Yalikatika njiani, hewani, yakatawanyika, yakateremka matone matone, kama yanavyoteremka kwenye vidole vya mtu anayesugua mikono. Nimeyaona kwa macho haya, ndugu yangu.

Bi Somoe alikuwa anazungumza. "Nilikuita, Hamisi. Nikakuita tena. Hukuitika, unapiga tu hilo gitaa lako. Nikasema basi kaa na hilo dude, likupikie. Nikala peke yangu kwa hasira. Nilivyokuja…" Akashindwa. Akalia, mabega yanatetemeka, na mimi dirishani nalia naye kama mtoto. Nilikuwa sijui. Hata Zuhura alikuwa hajui. Miaka yote ile mama wa watu alibeba neno hilo peke yake.

Kisha akatulia, kainamisha kichwa upande, kama mtu anayeambiwa jambo. Akasikiliza kwa muda. Na akacheka! Kicheko cha msichana, akajipiga paja, akasema, "Muongo wewe!" Halafu akafuta macho kwa ncha ya khanga, akainuka.

Akaja moja kwa moja chumbani kwetu, yeye ambaye tangu afike hakuwahi kuvuka kizingiti kile kwa heshima ya mkwewe. Sinia mkononi. Chakula hakikuguswa hata tonge, lakini kilikuwa kimepoa, baridi kama kilicholala, katika joto lile.

"Chomoa hilo sanduku," akasema.

"Mama?"

"Hujanisikia? Chomoa. Rudisha spika. Piga, na upige kwa nguvu, wasikie mpaka Magomeni."

Nikazima kwanza, nikachomeka spika, nikawasha. Nikapiga. Mabati yakaitika, vikombe kabatini vikalia. Zuhura akaja mbio na mtoto kifuani akidhani nimerukwa na akili, akamkuta mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda chetu, amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu. Alikaa pembeni yake, akamlalia begani. Mtoto, mwenyewe mwenye jina, hata hakulia.

Jioni, mtoto ameshaogeshwa, nilijipa moyo nikamuuliza Bi Somoe: mzee alisema nini mpaka ukacheka?

"Alisema nilipomwita mara ya kwanza alinisikia," akanijibu. "Alikuwa anamalizia wimbo tu, anakuja. Mengine niliyoyasema hakuyasikia. Alikuwa ameshaondoka."

Valvu zile zilikufa kabla arobaini haijatimia. Hatukusikitika sana, rekodi tunayo. Nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta sauti ya mtu ndani yake, hamna, ni gitaa tu. Lakini pale pa kumsubiri mtoto, nimesubiri. Bwana Murtaza nilimrudishia lile la ukuta, nikamsimulia yote, hakucheka. Alivuta tasbihi yake akaniambia yeye kazi yake ni kuuza tu. Na mpaka leo kila Ijumaa adhuhuri kuna sinia barazani kwangu. Majirani wanajua ni sadaka, mpita njia anakula, na mimi sisahihishi mtu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kurekodi nyumbani, chukua sanduku linalojibu, na waya wako uukague kabla hujagusa swichi. Ukimsikia mtu nje anasifia wimbo ulio masikioni mwako peke yako, usimuulize kausikiaje. Vaa shati, mpe chakula.

Na hili nakuomba kama ndugu. Ukimwita mtu wako kula asiitike, usimtupie neno. Inuka. Nenda ukamshike bega.