Mlenda wa Ruthu

Ruthu hakuwa mvivu, na kila mtu kijijini kwetu, upande huu wa Buigiri, alilijua hilo. Palizi yake ilikuwa ile aliyofundishwa na mama yake: aling'oa magugu yasiyolika, lakini mboga zinazojiotea kama mlenda, mgagani na mchunga aliziacha zisimame katikati ya mtama, akizichuma kwa zamu na kuzianika. Kiangazi kikishakausha kila kitu, sisi wenye mashamba safi tulikwenda kwake na bakuli kuomba mlenda uliotwangwa. Alitupa bila kununa.

Mumewe alipofariki, shemeji yake, Mazengo, akaanza kulimezea mate lile shamba. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, malori ya wafanyabiashara yalifika hadi uani kununua alizeti, na ardhi ikawa tamu ghafla. Kumnyang'anya mjane waziwazi ni aibu. Ila kijiji kilikuwa na sheria yake iliyobaki tangu enzi za ujamaa: shamba lisilopaliliwa hupewa mwingine. Mazengo akangoja mlenda ufike magotini, ndipo akaenda kuita kamati ya ardhi.

Wazee walifika mchana, jua limewachosha. Ruthu alipiga goti, akawaamkia shikamoo, kisha akawapikia ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Mimi ndiye niliyemsaidia kuteka maji. Aliamini wakionja wataelewa, maskini.

"Mlenda mtamu hivi umeutoa wapi?" aliuliza mwenyekiti, akilamba vidole.

"Humo humo shambani, baba. Huo mnaouona umesimama ndio huo mnaokula."

"Mmesikia wenyewe!" Mazengo akadakia. "Shemeji anakiri halipalilii."

Wakacheka. Mwenyekiti akaomba aongezewe mboga, akala mpaka chungu kikabaki kitupu, akanawa.

"Mama, mkono wako mtamu," alisema. "Lakini magugu ni magugu."

Shamba likawa la Mazengo. Fisi hana haya, lakini fisi angalau hashibi kwanza kwako ndipo akuhukumu.

Mvua zilizofuata, Mazengo alipanda alizeti na kuita vibarua wa kupalilia. Ruthu alikwenda, kwa sababu njaa haina kiburi.

"Usiache hata mche mmoja, shemeji," Mazengo alimwambia, amemsimamia. "Ng'oa mlenda wote, uchome."

Aling'oa. Jioni Mazengo aliona pindo la kanga yake limetuna, akamwamuru alikung'ute mbele ya vibarua wenzake. Majani yakaanguka mchangani, naye akayakanyaga.

Kiangazi kilipoingia, mke wa mwenyekiti alibisha hodi kwa Ruthu na bakuli lake. "Mama, mzee anauulizia ule mlenda wako. Hata kidogo tu."

Ruthu alichukua kibuyu cha mlenda, akakigeuza mdomo chini juu ya lile bakuli, akakigonga. Halikutoka hata vumbi.

Kesho yake kisimani tulisikia habari kwamba Ruthu siku hizi amekuwa mchoyo.