Kadi Tatu Ndani ya Kikopo cha Chaki

Mama alinishinda kwa swali moja tu, na mimi ndiye mwalimu wa fizikia. Jioni hiyo umeme ulikuwa umekatika mtaa wetu wote wa Mudzipela, mjini Bunia, tumeketi nje tunachambua maharagwe kabla giza halijakolea, nikamwonyesha nyota nyekundu juu ya bati la jirani. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: nyota ile ni nzee, siku moja itapasuka, na mwanga wake unatembea mamia ya miaka mpaka kutufikia. Pengine imeshapasuka kitambo, siye bado tunaona mwanga wake wa zamani.

"Basi iko ao haiko?" akauliza.

"Hatuwezi kujua, mama."

"Ah! Masomo yote ile, na haujui kama kitu iko ao haiko?"

Tulicheka sana. Mdogo wangu alikuwa bado mzima wakati ule.

Yeye alibaki kwetu Djugu. Mama na mimi tulipokimbia vita kuja Bunia alikataa kutufuata, eti maharagwe yatavunwa na nani? Kule hakuna rezo, simu haishiki. Basi alikuwa anarekodi sauti kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, ile ndogo kuliko ukucha, anaitia ndani ya kiberiti kitupu, na motari, mwenye pikipiki ya abiria, analeta. Mara wiki moja, mara wiki tatu, barabara ikitaka. Mama alijibu kwa njia hiyo hiyo. Aliingia chumbani na simu yangu, akafunga mlango, akaongea chini chini. Sikuwahi kusikiliza majibu yake. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kipenzi chake, na nilimwonea wivu hata nilipoanza kuota mvi.

Siku moja motari alinisubiri mlangoni mwa shule. Hakushuka kwenye pikipiki yake.

"Madamu, pole. Hii alinipatia wiki iliyopita, nikakwama na matope njiani. Huku nyuma wenye bunduki wakamuua, shambani."

Akanipa kiberiti.

Kwetu, mama haambiwi kifo cha mtoto wake na mtoto mwingine. Huambiwa na mdogo wa baba, asubuhi, akiisha kula, na wamama wawili wamekaa kando yake wa kumshika. Baba mdogo wetu alikuwa mbali, Nia-Nia, na barabara ilikuwa imefungwa. Nikaamua kumngoja. Na Mungu anisamehe, ile kadi nikampa mama siku hiyo hiyo.

"Mama, niko muzima," sauti ikasema. "Maharagwe imekubali. Mbuzi yako amezaa mapacha. Na yaya aache kufokea watoto ya watu kule shuleni!"

Yaya ndiye mimi, dada mkubwa. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Akairudia mara nne. Mimi nikaenda kulia chooni, nikiwa na hasira na kila kitu: wenye bunduki, matope, baba mdogo, hata yule mbuzi.

Mama akanipa jibu lake kwenye kadi. Nikamdanganya kwamba nimemkabidhi motari, kumbe nimelificha shuleni ndani ya kikopo cha chaki. Baada ya wiki akanipa kadi ya pili, kisha ya tatu. Katika siku hizo nilifika tena kwenye somo la nyota. Nilipofika kwenye neno "pengine" nikaweka chaki chini, nikawaambia wanafunzi wanakili ya ubaoni na wanyamaze.

Baba mdogo alifika na matope mpaka magotini. Akasema aliyopaswa kusema. Wamama wawili wakamsogelea mama wamshike, lakini hakuanguka. Aliitika kwa kichwa, akaomba maji. Tukatandika mikeka chini ya bashi, turubai la msiba, watu wakaja, wakaimba, naye macho makavu. Nilimkasirikia. Nikajiuliza ni moyo gani huo.

Kilio kilipoisha nikarudi shuleni, nikafungua kikopo. Nilitaka tu kumrudishia kadi zake, lakini nikasikiliza. Ya kwanza ilikuwa ya mbuzi tupu: awafunge vizuri, asiuze jike, avae koti asubuhi.

Ya pili, sauti ilikuwa nyingine.

"Mwanangu, wamama ya kanisa wameacha kuniuliza habari yako. Wanapita wanatazama chini. Nimejua. Yaya yako anaficha, anangojea baba mudogo, na anafanya vizuri. Lakini hapati usingizi. Nikilia mbele yake ataona ameshindwa kunichunga. Basi nitaendelea kukuongelesha weye."

Ya tatu haina neno hata moja kwa mdogo wangu. Ni mama analia, polepole, amefunga mdomo kwa kitenge, muda mrefu. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta jioni ile, ninapika sombe, majani ya muhogo, ninajisifu moyoni kwamba hajui kitu. Karibu na mwisho ninasikika nikiita kutoka jikoni:

"Mama, chakula!"

Naye anajibu kwa sauti safi kabisa, ya kila siku:

"Ninakuja, mwanangu."