Uji wa Kijiko Kimoja

Nilimpokonya mama mkwe bakuli mbele ya wageni wake, uji ukamwagika kwenye mkeka. Nilitoka kufua nikamkuta ukumbini, nyumbani kwetu Kiponda, anamlisha mtoto wa wifi yangu, surua imemtoka mwili mzima, macho mekundu. Kijiko hichohicho akampa binti yangu wa miaka miwili, ambaye alikuwa mzima.

Nikamuuliza kama ana akili. Sijapata kusema na mkubwa namna ile. Wala hakukasirika. Alipangusa mkeka kwa upindo wa kanga, akasema, "Waugue pamoja, tupumzike pamoja. Na elimu hii, mwanangu, si nimeitoa kwako?"

Kweli aliitoa kwangu. Mwanzo wa mwaka alikataa mjukuu wake achanjwe ndui. Mimi, kwa jeuri ya mtoto wa skuli, nikamwonesha kovu langu la mkononi, nikamwambia mwili ukishaujua ugonjwa unajifunza kupigana nao, haupatwi nao tena. Nikampa na mfano wa surua niliyougua utotoni. Lililobaki sikumwambia: kwamba chanjo ni ugonjwa mdogo, mwili unaonjeshwa kwa kipimo, na surua yenyewe haina kipimo. Nilishaona nimeshinda, basi.

Mtoto wa wifi alipona. Wangu aliugua vibaya, sikio likatoa usaha, na mpaka leo nikimwita upande wa kushoto hageuki. Mdogo wake mchanga, niliyekuwa namnyonyesha kitanda kilekile, hakutoka hata kipele. Alikuja na kinga yangu kutoka tumboni. Ya dada yake ilikwishamwisha kitambo. Na hilo pia nilikuwa nalijua.

Mume wangu akasema yaishe, mambo ya ndani hayatolewi nje. Nikavaa buibui nikaenda kwa bwana afya. Akaniuliza namshitaki nani. Njia nzima nilikuwa nimelishika jina la mama mkwe mdomoni, pamoja na la ukoo wake. Halikutoka.

Nikamwambia aandike hivi: kwamba mtaani kwetu watoto wazima wanalishwa pamoja na mgonjwa wa surua kwa makusudi, kwamba nyumbani kwetu aliyewafundisha ni mimi, niliyesoma, na kwamba naomba atumwe mtu awaeleze kina mama jambo hili mpaka mwisho wake, na mtu huyo asiwe mimi.