Unga wa Kuombwa

"Huyo bibi wa chini kwako anaombaomba," Mama Filippa aliniambia tukianua nguo zilizoganda kama mbao. "Mlango hadi mlango, na mkwe wake ana duka zima! Au wamemtelekeza?"

Mama Filippa ni mtu wa Napoli. Mambo yetu sisi watu wa Sisilia hayajui.

Bibi Nunzia alikaa chini yangu na bintiye Agatina, mwenye mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza ziliharibika. Siku Agatina alipoona damu tena, Bibi aliweka nadhiri kwa Mtakatifu Yosefu: amtunze mtoto, naye sikukuu yake atamwandalia meza ya chakula kama za kwetu Sisilia. Mikate yenye umbo la ndevu na nyundo, tambi zilizonyunyiziwa chenga za mkate kama vumbi la seremala, na maskini ndio wa kwanza kula. Ila meza ya nadhiri hainunuliwi. Kila kitu huombwa.

Uvumi ukamfikia Lillo, mkwe wake. Nikamsikia akibwaga magunia jikoni kwao.

"Mama, unga huo! Mafuta hayo! Usiniaibishe tena mbele za watu."

"Umenunua, Lillo."

"Ulitaka niibe?"

"Mtakatifu hanunuliwi."

"Na mke wangu asikie mama yake anaitwa ombaomba?"

Lillo akapita kila nyumba kuwasihi majirani wasimfungulie Bibi. Kwangu alinikuta nanyonyesha. Nilitikisa kichwa tu. Hata sijui kama nilikubali.

Ikabaki siku moja kabla ya sikukuu. Asubuhi hiyo Agatina akashikwa na uchungu, Lillo akatoka mbio kumwita mkunga. Mimi nikasikia miguu ya Bibi ikipanda ngazi, pole pole, ikipumzika kila kidato. Sikungoja agonge. Nilifungua nikiwa na bakuli la unga, limejaa hadi juu.

"Chukua, Bibi. Haraka."

Alirudi nyuma kama nimemmwagia maji ya moto.

"Hapana, mwanangu. Ukinipa kabla sijaomba, hiyo ni zawadi. Funga mlango."

"Lakini Bibi, Agatina..."

"Funga!"

Nikafunga. Nikasimama na bakuli mkononi, mwanangu begani, masikio yangu chini. Agatina alilia mara moja, akanyamaza.

Ndipo Bibi akagonga, mara tatu.

"Mama mwenye nyumba, kwa ajili ya Mtakatifu Yosefu, naomba unga."