Majani Juu ya Mchanga

Nimepita nchi ambazo farasi hulala nje kwenye theluji, na nyingine ambako hufunikwa blanketi ndani ya banda, na kila mwenye farasi huapa kwamba njia yake ndiyo sahihi. Zakayo hakuwa na njia. Alikuwa na wakubwa wawili.

Nilimfahamu mwaka 2014 huko Oud Metha, Dubai, Ijumaa moja baada ya misa. Alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye zizi lililo nyuma ya maghala ya Ras Al Khor, pale vipuri vya magari vinapoisha na mchanga unapoanza. Kwao ni Karatu. Farasi alimwona kwa mara ya kwanza Dubai. Hadi hapo alijua punda.

Msimamizi wa zizi alikuwa mzee Thuwein, aliyezaliwa Unguja. Kwake farasi ni wa ndani: kivuli, feni, maji baridi. Madam, mwenye farasi jike aitwaye Nawara, aliamini kinyume chake. Nawara alikuwa akisimama bandani akiyumbisha kichwa, kushoto, kulia, saa nzima. Madam alisema anaugua upweke. Mzee Thuwein alisema anasikiliza muziki.

“Miye mtu mzima, Zakayo. Farasi wa kulala nje ni wa mtu asiye na banda.”

“Lakini madam kasema atoke, mzee.”

“Basi mtoe. Akiharibika, utajua mwenyewe.”

Kujua mwenyewe kulikuwa na maana. Mwezi wa nane farasi mwingine aliyemtunza alipata msokoto wa tumbo, tena akiwa bandani chini ya feni. Mkataba wa Zakayo ulikuwa unaisha Desemba, na alishaambiwa: mmoja zaidi akiugua tumbo mikononi mwako, khalas, unarudi kwenu.

Novemba joto lilipopungua, Nawara akahamia uani, mchana na usiku. Zakayo aliamka saa kumi alfajiri kama kawaida. Alibadilisha maji, akachokoa kwato, akapapasa miguu kutafuta uvimbe, akahesabu mafungu ya mavi, maana saisi humjua farasi wake kwa hesabu hiyo. Kichwa kiliacha kuyumba. Zakayo alifurahi, kisha akashangaa: ikiwa nje ni dawa, kwa nini mzee aliyekaa na farasi miaka thelathini haioni?

Wiki ya tatu akahesabu mafungu mawili badala ya manane. Nawara alikuwa akipiga mchanga kwa kwato na kugeuka kutazama ubavu wake.

Daktari Hafiz, Msudani, alifika kabla jua halijawa kali. Alimpima Nawara, kisha akaokota mavi, akayatia ndani ya glavu pamoja na maji, akaining'iniza vidole vikiangalia chini. Wote wakasubiri. Vidole vikajaa mchanga, vikawa vizito kama vya maiti.

“Si mnaona?” mzee Thuwein alisema. “Nje! Bandani angeula wapi mchanga?”

Madam akainamisha uso, mwekundu. Kama Zakayo angenyamaza, kosa lingebaki kwa madam, na Nawara angerudi ndani. Aliniambia hakumbuki kuamua. Alisikia tu sauti yake ikisema:

“Majani nilikuwa nammwagia chini, mchangani.”

Madam alishanunua hori mbili za mpira za kulishia uani. Zilikuwa bado stoo, ndani ya nailoni.

“Nilidhani hori ni za ndani,” Zakayo alisema. “Kwetu punda wa nje humwagiwa chini.”

“Huyu punda?” aliuliza mzee.

“Hapana, mzee.”

“Na hapa Karatu?”

“Hapana, mzee. Karatu ardhi ni ngumu.”

Daktari alipitisha mpira puani mwa Nawara, akamimina dawa hadi tumboni. Zakayo alimtembeza siku nzima, akiwa ameshafunga begi lake. Jioni Nawara akadondosha fungu la kwanza, na Zakayo, dume zima la Karatu, akalia mbele ya mavi.

Kesho yake mzee Thuwein alikuja na karatasi za mkataba mpya wa miaka miwili.

“Madam kasema ubaki. Kasema wengine wote wangemwachia yeye lawama.”

“Na Nawara?”

“Kasema abaki nje, ale horini.”

“Nawe mzee, unasemaje?”

“Miye nasema aingie ndani.”

“Sasa nifanye lipi?”

“Tia sahihi kwanza,” mzee alisema, akampa kalamu. “Hilo tutagombana miaka miwili.”