Jina Ndani ya Santuri

Mzee aliyenifundisha kupiga santuri alikuwa na ulimi mkali, na nilimpenda kwa kinyongo. Aliishi Koboko, mji wa mpakani na Congo, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na msikiti, na chumba kimoja kilikuwa cha masanduku ya santuri tu. Wapiga muziki wenzake wote walishahamia kompyuta na simu. Yeye alibaki na mashine mbili za kuzungushia santuri, spika nne, na mikono iliyoanza kutetemeka. Mimi nilikuwa msichana wa Ediofe, penye misheni ya Arua, miaka ishirini na minne, niliyelelewa na masista na kwaya, na nilivitaka vitu vyake vyote.

Kila Jumamosi asubuhi nilitoka Arua kwenda kwake. Alinikalisha kwenye kigoda, uso ukutani, akaweka santuri, nami nikatakiwa kusikiliza mwanzo hadi mwisho bila kugeuka. Nikigonga mguu kabla ngoma haijaingia, aliinua sindano na kuanza upya. Siku moja alirudia wimbo mmoja mara sita, na mara ya saba akaenda kuswali akaniacha nimekaa pale pale.

"Wewe iko na sikio ya mbuzi," aliniambia aliporudi.

"Nilikuwa nasikiliza, Mzee."

"Hapana. Wewe ulikuwa nangoja sebene ifike. Kungoja na kusikiliza haiko kitu moja."

Alinisoma vizuri, mshenzi yule. Ni kweli nilikuwa nangoja. Rumba zake zote zilianza polepole, waimbaji wanalalamika kuhusu mapenzi, dakika tatu, nne, ndipo magitaa yanashika kasi na watu wanasimama. Hapo kwenye sebene ndipo roho yangu ilipokaa. Yaliyotangulia niliyaonea uvivu. Kwake yeye, kumkata mwimbaji kabla hajamaliza ni sawa na kumwondolea mgeni sahani angali anatafuna, na mpiga santuri wa kweli hana la kufanya zaidi ya kuchagua vizuri na kukaa kimya. Nilimwona amepitwa na wakati. Nilimwonea huruma kidogo pia, lakini ile ya kumdharau mtu.

Kati ya masanduku yake kulikuwa na santuri moja aliyoifunga kwa kitambaa cha shuka. Kabla ya kuwa mpiga santuri alikuwa mpiga gitaa, upande wa Congo, na bendi yao ilirekodi wimbo mmoja. Jina lake la gitaa, alilopewa na bendi, liliandikwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri, herufi ndogo lakini lilikuwapo. Alilikwangua mwenyewe. Zamani hizo wapiga santuri wa Arua na Koboko walikuwa na tabia hiyo: unalowesha karatasi ya katikati, unaikwangua kwa wembe, ili mpinzani akija kuchungulia mezani kwako asijue wimbo unaitwaje wala aupate wapi. Mzee alizikwangua zote, na kwa kiburi cha siku moja akaikwangua na yake. Kisha ukaja wakati wa vita na watu kukimbia. Nakala nyingine zikapotea, wenzake wa bendi wakafa mmoja mmoja, na akabaki na santuri moja yenye duara jeupe katikati, tupu.

Koboko hawakumwamini. Walimwita Gitaa ya Mdomo. Lakini ndani ya wimbo, sebene inapoanza, mpiga kelele wa bendi anamwita mara moja tu: jina lake la gitaa, halafu "Koboko!" Ushahidi wake wote ulikuwa hapo, sekunde mbili za sauti. Aliupiga mara moja kwa mwaka, peke yake, mlango umefungwa, kwa kuogopa kuichosha santuri.

Binti yake alipochumbiwa na watu wa Arua, wakwe walikuja kujitambulisha na wakamcheka kwa adabu. Baba mdogo wa bwana harusi alisema wamepata bahati, wanaoa kwa mpiga gitaa asiye na gitaa. Mzee aliapa mbele yao kwamba siku ya harusi watalisikia jina lake kwa masikio yao. Kwa vile mikono yake ilikuwa inaangusha sindano, kazi ilikuwa yangu. Alinipa santuri ile miezi mitatu kabla.

"Jifunze kuiweka bila kukosea," alisema. "Iache iimbe yote. Usiikate, binti yangu. Na usiweke pesa juu ya sindano, uzito inakula santuri."

Aliniita binti yangu siku hiyo tu. Jumapili iliyofuata niliipeleka santuri Onduparaka, kitongoji cha Arua.

Huko nilikuwa na kibarua cha kupiga muziki uani kwa mama mmoja muuza vinywaji, mchana baada ya mpira. Mashine yangu ya kushoto mshipi wake ulikuwa umelegea, ikichelewa kidogo kuliko ya kulia, kwa hiyo nilizoea kuishika ya kulia kwa kidole gumba hadi zikaenda sawa. Wapiga muziki wengine walinicheka. Lakini kutokana na kidole kile nilianza kupata namna yangu. Niligundua kuwa wachezaji hawapendi kupewa. Wanapenda kunyimwa. Unawapandisha hadi mlangoni mwa sebene, mabega yameshaanza, halafu unairudisha santuri nyuma kwa kidole. Wanapiga kelele. Unawapandisha tena, unarudisha tena. Mara ya nne unaachia, na hapo mtu mzima anaweza kulia. Niliwatazama nyuso zao walivyokuwa wakinisihi, na sitasema uongo, nilifurahi kuwatesa.

Nilihitaji tu mahali pazuri pa kurudia, sauti moja ya kukamata watu shingo. Jina la Mzee lilikuwa hapo. Niliipiga mara moja na ua mzima ukageuka. Nikalirudisha: jina, jina, jina, huku mashine ya pili ikipiga ngoma chini yake. Neno "Koboko" nililikata, lilizidisha pigo moja. Sindano ilipokuwa inaruka kwa sababu ya kurudishwa kwa nguvu, nilibandika sarafu ya shilingi mia mbili juu ya kichwa chake, ikatulia.

Kila Jumapili. Ndani ya mwezi mashabiki wa mpira walikuwa wakilipiga kelele jina lile timu inapofunga. Mwezi wa pili walikuwa wananiita mimi hivyo barabarani. Mchora mabango aliponiuliza aandike nani, nilimtajia hilo hilo bila kumeza mate. Nilijiambia kwamba ninamtangaza Mzee. Nilijua ninavyojidanganya, na nilijua pia kwamba jina linanikaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye.

Santuri nilikuwa naiona. Penye jina palikuwa pameota mstari wa kijivu, mwembamba. Kila nilipoifuta nilipapita haraka. Sikuwahi kuipiga peke yake, bila ngoma za mashine ya pili, kwa sababu sikutaka kusikia.

Harusi ilikuwa Koboko, mchana, baada ya swala ya adhuhuri. Wanawake upande mmoja wa turubai, wanaume upande mwingine, mikate ya gurusa na nyama vinapita kwenye sinia. Nilikuwa nimekuja na mashine zangu mbili na sindano zangu, spika zikawa za Mzee. Vijana wa Arua waliokuja na bwana harusi walinipungia mikono, na wawili wakaja mezani kuniuliza kama niko huru mwezi ujao. Mzee alivaa kanzu mpya iliyomzidi urefu. Baada ya chakula alisimama, akaomba watu wanyamaze, akawaambia wakwe zake wasikilize kwa makini. Kisha akanitazama. Aliniamini kabisa, ndiyo maana mpaka leo siwezi kulisimulia jambo hili nikiwa nimekaa.

Niliiweka sindano bila kukosea. Niliiacha iimbe yote, kama alivyoagiza. Waimbaji walilalamika dakika zao nne na hakuna aliyechoka. Hata mimi, kwa mara ya kwanza, nilisikiliza badala ya kungoja. Ulikuwa wimbo mzuri, na nilitamani usifike mwisho wa ubeti.

Mzee aliinua mkono juu. Magitaa yakaingia, halafu spika zote nne zikatoa mkwaruzo, sekunde nzima, mkali, na baada yake sauti safi ya mtu ikaita: "Koboko!"

Watu wakacheka. Mkono wake ulikuwa bado juu.

"Koboko tunaijua, Mzee," alisema yule baba mdogo. "Tumekuja huku na miguu yetu. Jina iko wapi? Mimi nasikia tu mafuta inakaanga samaki."

"Inaitwa pale, mbele ya Koboko," Mzee alisema. "Rudisha."

Nikairudisha. Kidole changu kilijua mahali penyewe bila kutazama. Mkwaruzo, "Koboko!", na vicheko vikazidi, sasa hadi upande wa wanawake. Binti yake aliinamisha kichwa ndani ya mtandio wake.

Basi Mzee akalitaja mwenyewe jina lake la gitaa, kwa sauti, mbele ya turubai zima. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya watu tangu arudi kutoka Congo.

Vijana wa Arua waliruka kama walivyozoea. Walilipiga kelele wote pamoja, wakininyooshea vidole. "Hiyo iko ya DJ!" mmoja akasema. "Iko hata kwa bango, Mzee. Unaiba jina ya mutoto?"

Baba mdogo alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, alitaka tu mambo yawe wazi. Alinigeukia na kuuliza kwa upole, "Binti, sema ukweli. Hii jina iko ya nani?"

Neno moja lilitosha. Ningesema ni lake, nimelichukua, na sauti yake nimeimaliza kwa sarafu na kidole. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema hivyo, wala hakuna aliyenikatiza. Nilikumbuka kigoda na ukuta na sikio la mbuzi. Nilifikiria wale vijana wawili na kazi ya mwezi ujao.

"Iko yangu, baba," nilisema.

Mzee alikuja mezani. Aliinua santuri kutoka kwenye mashine akailaza kidogo kuelekea jua, kama mtu anavyokagua kama mchele una mawe. Alikuwa amesoma santuri kwa mwanga maisha yake yote, hivyo haikumchukua muda. Aliuona mstari wa kijivu. Akatazama sindano, akaona alama ya gundi pale nilipokuwa nikibandika sarafu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane mbele ya watu wote, ili na mimi nipate la kumchukia.

Aliwageukia wakwe zake.

"Ndiyo, iko yake," alisema. "Mimi nilikuwa nachekesha nyinyi tu. Mimi sikupiga gitaa hata siku moja."

Walimpigia makofi kwa ucheshi wake. Baba mdogo alimkumbatia, akasema sasa wamekuwa ndugu kweli, na akamvuta kukaa karibu naye. Mzee alikaa, akapokea gurusa aliyopewa, akaila.

"Piga kitu, DJ," mtu alisema.

Nikapiga. Niliwapandisha, nikawanyima mara tatu, nikawaachia, na turubai zima likasimama, hata bibi harusi. Sijakwenda tena kwa Mzee, na mabango yangu ya Arua bado yana jina lile kwa herufi kubwa.